Jina la zamani likirudi kwenye tangi, uliza injini ni ya nani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuatilia sana habari za pikipiki na naona majina ya zamani yanafufuka kila kukicha: Jawa, BSA, Norton, Indian. Rafiki yangu anasema zote ni stika zilizobandikwa kwenye pikipiki za kawaida, na kwamba Indian imeuzwa tena, kwa hiyo nisiiguse. Nimejiwekea akiba ninunue moja ya aina hii. Norton Manx R iliyooneshwa Milan imenikosesha usingizi, lakini pia kuna Triumph Bonneville iliyotumika inayonivutia. Je, hizi mpya zina undugu wowote na zile za zamani? Na nisubiri au nisisubiri?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni kongwe kuliko anavyodhani. Kiwanda cha Indian cha Springfield, Massachusetts, kilipoacha kutengeneza pikipiki mwaka 1953, jina halikuzikwa. Kuanzia 1955 hadi mwishoni mwa muongo ule, Mmarekani aliyetaka Indian aliuziwa Royal Enfield iliyotoka Uingereza, imepakwa rangi na kuandikwa Indian kwenye tangi. Kwa hiyo ubandikaji wa stika haukuanza na mitandao. Ulikuwapo babu zetu wakiwa vijana.

Linalowezesha mchezo huo ni kwamba kisheria jina ni mali inayojitegemea. Kampuni ikifa, mfilisi huuza kila kitu kivyake: ardhi kwa huyu, mashine za kukerezea vyuma kwa yule, akiba ya vipuri kwa wa tatu, alama ya biashara kwa wa nne. Huyo wa nne hapati mchoro hata mmoja wa injini kama haukutajwa kwenye mkataba, wala hapati fundi aliyekuwa akijua kwa nini boliti fulani hukazwa hivi na si vile. Ndiyo maana nikisoma kwamba chapa fulani “imenunuliwa”, hutafuta kwanza ni nini hasa kilichonunuliwa.

Chukua BSA. Mwaka 2016 Classic Legends, kampuni iliyo chini ya Mahindra ya India, iliinunua kwa pauni milioni 3.4 hivi. Kwa fedha hizo hupati injini. Kuchora injini kutoka karatasi tupu, kuisulubu kwenye majaribio, kuipitisha kwenye sheria za moshi na kutengeneza kalibu zake ni kazi inayokula mara nyingi ya kiasi hicho. Kilichonunuliwa ni jina na historia yake, basi. Injini ilipaswa kutoka kwingine, na ilitoka kwingine. Gold Star mpya, iliyooneshwa Birmingham Desemba 2021, ina silinda moja ya cc 652, vali nne, na inapozwa kwa maji. Kipenyo cha silinda ni milimita 100 na mwendo wa pistoni ni milimita 83, vipimo vilevile vya injini ya Rotax, mtengenezaji wa injini wa Austria, iliyowahi kubebwa na BMW F650. Mapezi unayoyaona ubavuni mwa silinda ni ya macho zaidi kuliko ya kazi, maana mbele kuna rejeta.

Gold Star ya kwanza ilipata jina lake kwenye uwanja wa Brooklands mwaka 1937, Wal Handley alipozunguka na BSA Empire Star kwa kasi iliyozidi maili 100 kwa saa na kutunukiwa pini yenye nyota ya dhahabu. Mwaka uliofuata BSA ikauza modeli yenye jina hilo. Kati ya pikipiki ile na hii ya leo sidhani kuna skrubu moja inayoingiliana. Hapo rafiki yako yuko sahihi kabisa. Anapokosea ni kudhani kwamba kwa hiyo pikipiki mpya ni mbovu. Nasaba ile ya Rotax ilikwisha kupigwa jua na mvua kwa miaka mingi kabla BSA hawajaishika, na mnunuzi wa kawaida ananufaika zaidi na injini ya kuazima iliyothibitika kuliko injini ya “asili” iliyozaliwa jana.

Tena kuazima injini si aibu ya enzi hizi. Triumph ilipotoa pikipiki yake ya kwanza Coventry mwaka 1902, injini ilikuwa Minerva ya Ubelgiji. Norton iliyoshinda daraja la silinda mbili kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya TT, Isle of Man, mwaka 1907, ikiendeshwa na Rem Fowler, ilikuwa na injini ya Peugeot. Wafaransa! Waingereza hawapendi sana kukumbushwa hilo. Kilichozifanya kampuni hizi kuwa na hadhi ni kwamba hazikuishia kuazima. Zilijifunza, zikachora zake, na zikawa na vipuri rafuni kwa miongo.

Nikiwa bado hapo kwenye undugu, nikupe kioja kimoja. Miongoni mwa pikipiki za kisasa zilizo karibu zaidi kimaumbile na BSA za silinda mbili za zamani, yumo Mjapani. Kampuni ya Meguro ya Japani ilitengeneza pikipiki ya cc 500 iliyofanana mno na BSA A7. Kawasaki ikaimeza Meguro katika miaka ya 1960, ikaikuza injini ile kuwa W1, na nasaba ikaja kuishia kwenye W800: silinda mbili sambamba, hewa inapoza, pistoni zote mbili zinapanda na kushuka pamoja kama kwenye BSA. Kisha Kawasaki ikalifufua jina la Meguro lenyewe kwa modeli ya K3, ambayo ni W800 yenye tangi na rangi zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa maneno ya rafiki yako hiyo ni stika tupu. Lakini anayeibandika ni mrithi halali, mwenye michoro na ukoo wa injini mikononi.

Ukitaka kujua ufufuo wa kweli unavyokwenda, soma habari za Triumph polepole, kwa sababu wengi huzisimulia kama bahati. Mwaka 1983 kiwanda cha Meriden, kilichokuwa kikiendeshwa kwa ushirika na wafanyakazi wenyewe, kiliingia kwenye ufilisi. John Bloor, mjenzi wa nyumba, akanunua jina na haki za utengenezaji. Mtu mwingine angekimbilia kuonesha pikipiki mwaka uliofuata. Bloor alimpa Les Harris leseni ya kuendelea kutengeneza Bonneville ya zamani kwa idadi ndogo huko Devon, kuanzia 1985 hadi 1988, jina likabaki likipumua, naye akaingia kimya. Yeye na watu wake walikwenda Japani kuangalia viwanda vinavyofanya kazi. Kikajengwa kiwanda kipya Hinckley. Pikipiki zenyewe zilioneshwa Cologne mwaka 1990 na kuanza kuuzwa 1991. Miaka 8 hivi tangu anunue jina, na katika muda huo hakuwa na kitu cha kujigamba nacho magazetini.

Uzuri wa zile za kwanza uko ndani ya injini. Zilikuwa modeli 6, kuanzia cc 750 hadi 1,200, za silinda tatu na za silinda nne, lakini zote zilitumia kipenyo kimoja cha silinda, milimita 76. Kilichobadilika ni mwendo wa pistoni tu: milimita 55 au 65. Piga hesabu: silinda tatu zenye mwendo wa 55 ni 750, tatu zenye 65 ni 900, nne zenye 55 ni 1,000, nne zenye 65 ni 1,200. Kwa hiyo kampuni changa isiyo na fedha za kutapanya ikapata safu nzima ya pikipiki kutoka kwenye sanduku moja la vipuri. Kwa mwenye pikipiki maana yake ni kwamba kipuri kinachoingia kwenye modeli nyingi hakiadimiki upesi.

Na sasa tazama jambo ambalo kwangu mimi ndilo linaloonesha akili ya yule bwana. Jina alilolimiliki lenye mvuto kuliko yote lilikuwa Bonneville. Hakuliweka kwenye pikipiki zake za kwanza. Alianza na Trident, Trophy na Daytona, pikipiki za kisasa zilizopaswa kushindana na za Japani kwa ubora, na Bonneville mpya haikuingia sokoni hadi 2001, wakati wateja walikwisha kuamini kwamba Triumph za Hinckley hazimwagi oili sakafuni. Kampuni zinazofufuka siku hizi hufanya kinyume: huanza na jina tamu kuliko yote, kwenye pikipiki ya kwanza, kutoka kiwanda ambacho bado hakijauza kitu. Wakiteleza hapo hawana akiba nyingine.

Bonneville ya 2001 ilikuwa na cc 790, hewa na oili zikiipoza, na kabureta za kweli. Sheria za moshi zilipokaza, kabureta zikaondoka, ukaja mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, na Triumph wakaufinyanga uonekane kama kabureta. Wapo wanaoudhika na hila hiyo. Mimi hainisumbui, kwa sababu pikipiki inawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa. Mwaka 2016 ikaja kizazi kingine, cc 900 na 1,200, chenye maji na rejeta nyembamba iliyofichwa kati ya mabomba ya fremu.

Suala la maji lisikuchanganye. Silinda inayopozwa na hewa hupata joto lisilotabirika, hupanuka na kusinyaa sana, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuacha nafasi kubwa zaidi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Oili kidogo hupita na kuungua, na moshi unakuwa mgumu kudhibiti. Maji huweka joto palepale. Kiwango cha Ulaya cha Euro 5, kilichoanza mwaka 2020 kwa modeli mpya, kiliwasukuma wengi kwenye rejeta, ingawa Royal Enfield 650 bado inapozwa kwa hewa na oili na inapita.

Kuna na suala la mlio, ambalo wafufuaji hulitumia kutuchezea masikio. Kwenye injini za Waingereza za silinda mbili sambamba, pistoni zilikwenda pamoja na kuwaka kwa kupokezana, mshindo mmoja kila mzunguko wa krenki, kwa vipindi sawasawa. Bonneville za tangu 2016 na Royal Enfield 650 zimepangwa krenki ya nyuzi 270: mishindo miwili inafuatana karibu, halafu kimya kirefu kidogo, kama injini ya V. Ni mlio mtamu, na mtetemo ni nafuu. Ila mtu akiisikia na kusema “naam, huo ndio mlio wa Uingereza ya zamani”, ujue hakuwahi kusimama karibu na pikipiki ya zamani.

Ulitaja Jawa. Ili uelewe kwa nini majina haya yanarudi kwa mkupuo, na mengi yakirudi kupitia India, anza na kampuni ambayo haikufufuka kwa sababu haikufa. Royal Enfield ilianza kuunganishwa Madras, sasa Chennai, mwaka 1955. Uingereza ikaacha kutengeneza mwaka 1970, India ikaendelea na modeli ileile ya Bullet. Mwaka 1994 ikaingia mikononi mwa Eicher, kampuni ya India, na mwaka 2000 ilikuwa ukingoni mwa kufungwa, akakabidhiwa kijana wa ukoo wenye kampuni, Siddhartha Lal. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 iliuza pikipiki zaidi ya milioni moja. Soma tena takwimu hiyo kwa macho ya mwekezaji. Pikipiki za sura ya kizamani, cc 350 hadi 650, milioni moja kwa mwaka! Safari ya kuelekea huko ndiyo iliyomfanya kila mwenye fedha aanze kupekua makaburi. Classic Legends wakairudisha Jawa Novemba 2018 na Yezdi Januari 2022, majina ambayo Wahindi waliyakumbuka kwa kiwanda cha Mysore kilichofungwa mwaka 1996. Honda wakaja na 350 yao, Triumph wakaungana na Bajaj wakatoa Speed 400 mwaka 2023, Harley-Davidson wakaungana na Hero mwaka uleule wakatoa X440. Kwa hiyo ukisoma kwamba jina la kale limerudi “kwa mapenzi ya urithi”, yaamini mapenzi hayo, lakini kumbuka na ile milioni moja.

Wachina wamefanya kwa njia nyingine, yenye makelele machache. Benelli ya Pesaro, iliyoanza 1911, ilinunuliwa na Qianjiang mwaka 2005. Moto Morini ikaenda kwa Zhongneng mwaka 2018. Wabunifu wamebaki Italia, vyuma vinatoka China. Benelli TRK 502 ikapanda hadi kileleni mwa mauzo ya pikipiki Italia yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2020, na haikupanda kwa kumbukumbu za babu, kwa maana haifanani na Benelli yoyote ya kale.

Tuje kwa Indian, kwa kuwa rafiki yako ameitumia kukutisha. Baada ya zile Royal Enfield zilizopakwa rangi, jina lilipita mikono mingi, na katika miaka ya 1990 lilikuwa uwanja wa kesi. Mmoja wa waliodai kulimiliki aliishia gerezani kwa utapeli. Mwaka 1999 ikaanza kampuni ya Gilroy, California, iliyotumia kwanza injini za kununua kutoka S&S, za mtindo wa Harley. Ikafa 2003. Wakaja wengine Kings Mountain, North Carolina, wakatengeneza chache kwa bei kubwa hadi 2011, Polaris walipoinunua. Polaris walileta kitu ambacho hao wote hawakuwa nacho: viwanda vinavyofanya kazi, wahandisi waliokwisha kutengeneza pikipiki za Victory tangu 1998, na mfuko wa kuvumilia hasara. Mwezi Machi 2013 walionesha injini kabla ya pikipiki. Ile Thunder Stroke ya cc 1,811 ilipandishwa jukwaani peke yake, na pikipiki zikafuata Agosti. Huo ni utaratibu unaonifurahisha sana. Kisha Januari 2017 wakaiua Victory, chapa yao wenyewe, ili nguvu zote ziende Indian. Wateja wa Victory walilia, na walikuwa na haki ya kulia.

Oktoba 2025 Polaris ilitangaza kuuza sehemu kubwa ya Indian kwa Carolwood, kampuni ya uwekezaji ya Los Angeles. Je, hiyo ni 1953 nyingine? Angalia kinachouzwa. Viwanda vya Spirit Lake, Iowa, na Monticello, Minnesota, vimo. Wafanyakazi wamo. Injini ni zao. Polaris inabaki na hisa kidogo. Huu ni uhamisho wa kampuni hai, na kwa mwenye Indian Scout uani kwake hakuna kilichobadilika siku ya tangazo. Hatari ipo, lakini iko mbele: kampuni za uwekezaji hununua ili siku moja ziuze, na swali la kufuatilia ni kama zitaendelea kulipia injini mpya ambazo matunda yake huchukua miaka mitano au zaidi kuonekana. Ukiona miaka miwili, mitatu inapita na kila habari ya Indian ni rangi mpya na toleo maalumu, hapo wasiwasi wa rafiki yako utakuwa na msingi.

Na asikudanganye mtu kwamba mauzo na muflisi ni maradhi ya majina yaliyofufuliwa pekee. KTM ya Austria, kampuni kubwa, iliomba ulinzi wa kufilisika Novemba 2024, ikaokolewa na fedha za Bajaj, na wadai wake wakakubali asilimia 30 ya walichodai. Katika msukosuko huo ikaiachia MV Agusta, ambayo ilikuwa imeishika kwa muda mfupi tu. MV nayo ina historia ya kuchekesha na kuliza: Harley-Davidson iliinunua mwaka 2008 kwa zaidi ya dola milioni 100, na miaka miwili baadaye ikamrudishia Claudio Castiglioni, yuleyule aliyewauzia, kwa bei ya ishara tu. Pikipiki zenyewe zimebaki nzuri za kutia wazimu muda wote huo. Uzuri wa pikipiki na uimara wa kampuni ni vitu viwili tofauti.

Norton ndiyo iliyokukosesha usingizi, kwa hiyo nitasema wazi. Kampuni ilianzishwa Birmingham mwaka 1898 na James Lansdowne Norton. Mwaka 2008 jina lilinunuliwa na Stuart Garner, pikipiki zikaanza kutoka Donington, vyombo vya habari vikashangilia, viongozi wa serikali wakaja kupigwa picha. Watu wakalipa amana za pikipiki wakasubiri, wengine miaka. Januari 2020 wasimamizi wa ufilisi wakaingia. Mwaka 2022 Garner alikiri mahakamani kwamba fedha za mifuko ya pensheni aliyokuwa mdhamini wake ziliwekezwa kwenye Norton kinyume cha sheria, akapewa kifungo cha nje. Jambo ambalo wanunuzi wengi walijifunza kwa machungu ni hili: ukilipa amana, mpaka siku unapokabidhiwa pikipiki wewe ni mdai, na kampuni ikianguka unapangwa mstari wa nyuma, baada ya benki na wenye dhamana.

TVS ya India ikanunua Norton Aprili 2020 kwa pauni milioni 16, ikajenga kiwanda kipya Solihull, ikaajiri wahandisi, na kwa muda mrefu ikasema machache. Hapo naona dalili za Bloor. Manx R uliyoiona Milan Novemba 2025 ina injini ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V. Manx ya zamani ilikuwa na silinda moja, kwa hiyo undugu unaoutafuta hapo haupo hata kwa kukonyeza jicho. Haina ubaya. Ina maana tu kwamba usiinunue kwa ajili ya Manx ya zamani. Ihukumu kama pikipiki mpya ya kasi kutoka kampuni ambayo nyuma yake kuna mtengenezaji anayeuza vyombo kwa mamilioni.

Ila ihukumu ikishakuwa barabarani. Maonesho ya Milan hufanyika kila Novemba, na kinachosimama juu ya zulia pale kinaweza kuwa chochote: pikipiki iliyo tayari, pikipiki ya majaribio inayotembea, au umbo la kuonesha lisilowaka. Habari husema “imezinduliwa” kwa vyote vitatu. Soma kitenzi. “Imeoneshwa” bila tarehe ya kuuzwa, bila uzito, bila jina la kibali cha moshi, ni picha. Ukikuta uzito ukiwa na mafuta, muda wa sevisi na masharti ya dhamana, kuna mtu ameshakaa na kuihesabu. Toleo la “pikipiki mia za kwanza, zenye namba” kutoka kampuni isiyo na mauzo mengine mimi hulisoma kama ombi la mkopo.

Jambo ambalo magazeti hayaligusi kabisa ni vipuri, na hapo kuna kinyume cha ajabu. Norton Commando ya miaka ya 1970 leo unaweza kuitengeneza karibu yote kwa vipuri vipya, kwa sababu kampuni ya Andover Norton huvitengeneza na vyama vya wapenzi havilali. Ni chuma, aluminiamu na nyaya chache. Fundi mwenye mashine ya kukereza hashindwi. Lakini chukua Excelsior-Henderson, jina la Kimarekani lililofufuliwa Minnesota. Walikusanya fedha nyingi kwenye soko la hisa, wakajenga kiwanda kikubwa, wakatoa pikipiki zisizofika 2,000 na kufilisika Desemba 1999. Mwenye nayo ni yatima. Na hiyo ni ya zamani kidogo. Pikipiki ya leo ikiachwa na kampuni yake ina kompyuta ya injini, kizio cha breki za ABS, dashibodi ya kioo na funguo yenye chipu, na hakuna fundi wa kukereza hivyo. Jina kongwe likifa mara ya pili linawaacha wateja wake pabaya kuliko lilipokufa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kutoa akiba yako, muulize wakala anayeuza, yeye mwenyewe, akupe namba ya kipuri cha kizio cha ABS na cha pampu ya mafuta, na siku ngapi kitafika. Kama injini inatumika pia kwenye pikipiki nyingine zinazouzwa kwa wingi, shusha pumzi. Kama inatumika kwenye modeli hiyo moja tu, subiri mwaka wa pili wa uzalishaji, makosa ya kwanza yawe yameitwa kiwandani na kurekebishwa.

Kwa haya yote, usisubiri Norton. Si kwa sababu naibeza. Ninaitakia mema na nitaitazama kwa karibu. Ni kwa sababu pikipiki ya V4 ya kasi na Bonneville ni mahitaji mawili yasiyokutana, na mtu anayezipima kwenye mzani mmoja bado hajaamua atakuwa anakwenda wapi nayo. Anza na hiyo Bonneville. Ikiwa ni ya 2016 au baadaye, sevisi yake hufanywa kila kilomita 16,000 au kila mwaka, na vali hukaguliwa kila baada ya sevisi mbili. Omba kuona maandishi, na ikiwa imevuka kilomita 32,000 bila ukaguzi wa vali, gharama hiyo itoke kwenye bei. Iwashe ikiwa baridi kabisa, usikubali kuikuta imeshapashwa. Chungulia chini ya rejeta kama kuna alama za maji yaliyokauka. Ukikuta ekzosi imebadilishwa, uliza kama kompyuta ilirekebishwa kuendana nayo na kama ile ya kiwandani bado ipo. Asiyekuwa nayo anakuuzia nusu ya pikipiki. Ikiwa ni ya kabla ya 2016, ya hewa na oili, usiikatae kwa umri wake: ina vitu vichache vya kuharibika na vipuri vyake bado vinapatikana. Tena Bonneville hizo za kabla ya 2016 ndizo zenye mpangilio wa mshindo wa zamani, kama masikio yako ndiyo yanayonunua.